Siku Herufi B Ilipong'olewa Ghalani

Tulieni, enyi wenye masikio na haraka zenu! Wekeni chini simu mlizoshika, au basi zishikeni lakini msizitazame, maana habari niliyonayo leo haisikilizwi kwa sikio moja. Sitawasimulia wafalme walioteka miji, wala mashujaa waliolala porini na simba. Hao wamesimuliwa hata wamechoka. Nitamsimulia mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa sebuleni kwake asubuhi ya Jumatatu, juu kavaa blauzi ya kazini iliyopigwa pasi, chini kavaa suruali ya kulalia, kwa sababu kamera ya kompyuta haioni chini ya meza; na jinsi alivyoinuka hapo, akatoka, akaenda kupambana na herufi moja, akaishinda.

Watu walimwita Mwalimu Bonyeza. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kozi za mtandaoni na tovuti, na alikuwa ameifanya miaka kumi na mmoja bila kupumzika na bila kueleweka. Yeye ndiye aliyewafundisha maelfu kunyanyua mzigo bila kuvunja mgongo, kuzima moto bila kuukimbia, na kumjibu mteja mwenye hasira kwa hatua tatu bila kumrudishia matusi yake. Yeye ndiye aliyejenga tovuti ya shule, tovuti ya mshona suti, na tovuti ya chama cha wafuga nyuki, ambacho mwenyekiti wake alitaka nyuki waruke kwenye kila ukurasa. Wakaruka, na mpaka leo wamekataa kutua. Kila somo lake lilianza kwa "Bonyeza hapa", likaendelea kwa "Bonyeza tena", na jina likamnata kama gundi.

Lakini shujaa hasifiwi kwao. Mama mkwe wake, aliyeishi naye nyumba moja, mwanamke mwema mwenye mikono isiyojua kutulia, hakuwahi kukubali kwamba ile ni kazi. "Mwalimu gani huyu," aliwauliza wageni, "hana chaki, hana darasa, hana hata mwanafunzi mmoja wa kumtuma maji?" Na ni huyo huyo mama mkwe ambaye, kwa mapenzi matupu, wiki mbili kabla ya siku ninayoisimulia, aliichukua kompyuta ya mkwewe akaisugua kwa kitambaa cha sabuni kama asuguavyo sufuria, hata kitufe cha V kikang'oka, kikaenda na maji machafu, kisionekane tena.

"Mama, hapa palikuwa na V," Mwalimu Bonyeza alimwambia, akimwonyesha pengo.

Mama mkwe akainama, akaikagua kibodi yote. "Mbona zimebaki nyingi, mwanangu."

Tangu siku hiyo Mwalimu Bonyeza aliandika kama mtu azungumzaye bila jino la mbele. Kila alipohitaji V alikwenda kuinakili kwenye neno lingine, akaibeba, akaja kuibandika. Kwa taabu hiyo aliandika kozi nzima ya Utunzaji Bora wa Ghala, masomo tisa na maswali arobaini, iliyoagizwa na kampuni kubwa ya kuhifadhi bidhaa kwa ajili ya watunza ghala wake mia moja na kumi na wawili. V moja baada ya nyingine alizibeba, kama siafu abebaye punje, mpaka akaufikia ukurasa wa mwisho kabisa, ule wa pongezi, utakaomtokea kila aliyemaliza. Hapo alikusudia kuandika maneno matatu: "Hongera! Sasa umeiva." Uchovu ukamzidi. Kidole kikaenda pale kilipozoea kwenda, kikakuta pengo, kikateleza, kikatua kwa jirani. Na jirani wa V, kama ajuavyo kila aliyewahi kuinamia kibodi, ni B.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wahenga hawakuwahi kuona kibodi.

Kompyuta yenyewe haikumwonya. Kikagua tahajia chake hakikujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Kila neno kililipigia mstari mwekundu, la haki na la kosa, naye alishazoea kuitazama mistari ile kama mtu aliye ndani anavyoitazama mvua. Na hata kama kingejua, kisingesema kitu. Neno lililoandikwa lilikuwa sahihi, limekamilika, na maana yake inajulikana hata na mlinzi wa getini.

Basi Jumatatu, saa tatu na nusu asubuhi, simu ikalia. Alikuwa Mkuu wa Maghala, bwana aliyeiagiza kozi ile.

"Mwalimu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini mno, "kozi yako umeifungua leo?"

"Nimeifungua mara mia, Mkuu. Kuna tatizo?"

"Fungua ukurasa wa mwisho. Soma polepole."

Akaufungua. Tarumbeta zikalia, maana alizitia mwenyewe. Maua ya rangi saba yakamwagika kutoka juu ya kioo. Katikati ya maua, kwa herufi nene za dhahabu, pakaandikwa: HONGERA! SASA UMEIBA.

Akazizima tarumbeta. "Wangapi wameshamaliza?"

"Thelathini na wanne. Wengi wamecheka. Lakini hapa ghala kuu hakuna anayecheka, Mwalimu. Babu Funguo ameweka funguo mezani." Na simu ikakatika.

Babu Funguo alikuwa mtunza ghala mkuu, mzee mrefu mwembamba ambaye alisikika kabla ya kuonekana, kwa mlio wa funguo hamsini na tatu alizozifunga kiunoni. Bila yeye hakuna mlango uliofunguka pale, na bila mlango hakuna lori lililopakia. Kwa hiyo Mwalimu Bonyeza alielewa mara moja kwamba B ile moja imelifunga ghala zima.

Akaukimbilia ukurasa auhariri. Mfumo ukamjibu kwa ukarimu wa bawabu: "Kozi inatumika. Ukurasa hauwezi kubadilishwa." Mwenye mamlaka ya kuisimamisha kozi alikuwa mmoja tu duniani, naye ni Mkuu wa Maghala, kwa kompyuta yake mwenyewe. Akampigia mara tatu, na mara tatu simu ikasema inatumika. Ndipo akaona kwamba vita hii ni ya miguu.

Akainuka, akajivika silaha. Alivua suruali ya kulalia, akavaa ya mtu wa kazi. Akafunga viatu kwa mafundo mawili. Akaitia kompyuta yake yenye pengo ndani ya mkoba, akautupa mgongoni, na waya wa chaji ukaning'inia nyuma yake kama mkia wa mnyama asiyejulikana.

Mama mkwe akamkuta mlangoni. "Unakwenda wapi mbio hivyo?"

"Kubadilisha herufi, mama."

"Herufi ngapi?"

"Moja."

"Na kwa hiyo moja umevaa viatu?" Mama mkwe akatikisa kichwa. "Haya, nenda. Mungu akutangulie."

Ghala kuu lilikuwa nyuma ya ukuta mrefu wa bati. Nje ya geti, malori kumi na moja yalikuwa yamejipanga pua kwa mkia, na madereva wamekaa kwenye vivuli vya magurudumu wakitafuta wa kumlaumu. Mwalimu Bonyeza akapita katikati yao ameinamisha macho. Hakuna aliyejua kwamba aliyeyafunga malori yale ndiye huyo anayepita na mkoba.

Ofisini alimkuta Babu Funguo. Amekaa wima, amekunja mikono, ameikabili kompyuta ya ghala kama mshitakiwa anavyomkabili shahidi wa uongo. Mezani, mbele yake, lile rundo la funguo. Nyuma yake vijana sita wa ghala wamesimama kimya kama wamefiwa. Mkuu wa Maghala alikuwa pembeni, simu sikioni, jasho shingoni.

"Binti," akanena mzee, bila kugeuza kichwa, "ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa, usikie." Naye akasema, na sauti yake ikalijaza ghala mpaka kwenye mapaa: "Mimi niliingia hapa nikiwa na nywele. Miaka ishirini na sita. Sukari imepita mikononi mwangu, mafuta yamepita, misumari imepita, mablanketi yamepita wakati wa baridi na mimi mwenyewe nikitetemeka. Siku moja gunia lilipasuka, punje za sukari zikaniingia kiatuni. Nilivua kiatu pale getini, nikakikung'utia ndani. Mlinzi yule pale ni shahidi. Leo nimesoma masomo yako tisa. Nimejibu maswali yako arobaini, nikakosa moja. Halafu mashine hii, mbele ya vijana niliowalea, ikanipigia tarumbeta, ikanimwagia maua, ikanipongeza kwa wizi. Nikasema, haya. Kama mimi ni mwizi, basi mwizi hashiki funguo."

"Mzee, ni herufi moja tu. Kidole kiliteleza."

"Herufi moja tu!" Sasa akageuka. "Kufa na kufaa, binti, vimepishana herufi ngapi?"

Mwalimu Bonyeza, aliyewafundisha maelfu hatua tatu za kumjibu mtu mwenye hasira, alizitafuta zote tatu asiione hata moja. Alichokiona ni zile funguo mezani, zisizo na wa kuzishika.

"Nisamehe, mzee," akasema. "Kosa ni langu. Nimekuja kuliondoa."

Akamgeukia Mkuu wa Maghala amwombe aisimamishe kozi. Mkuu akaweka kidole mdomoni, akamvuta nyuma ya rafu ya makopo ya rangi.

"Mwalimu, usiharakishe," akamnong'oneza.

"Nisiharakishe vipi, Mkuu? Malori kumi na moja!"

"Sikiliza kwanza. Ghala namba tatu, tochi mbili zimerudi. Zimekutwa mlangoni, hakuna anayejua zimeletwa na nani. Ghala namba tano, umerudi mwavuli wa kampuni na ngazi. Ngazi, Mwalimu! Ilipotea mwaka juzi! Sasa hivi nilikuwa nazungumza na mtu analia kwenye simu, ananiambia, 'Mkuu, mmejuaje? Feni naileta mchana.'" Macho yake yakameta. "Nimefanya ukaguzi miaka sita, sijarudishiwa hata kalamu. Iache mpaka saa kumi. Mpaka saa kumi tu! Nitasema ilikuwa mbinu yako. Na nakuahidi, kozi za kampuni nzima ni zako, na tovuti mpya juu yake."

Hapa, wasikilizaji, ndipo palipokuwa na mtego wenyewe, na sitawaficha kwamba Mwalimu Bonyeza aliutazama kwa matamanio. Miaka kumi na mmoja alitengeneza kozi, na kwa miaka hiyo yote alicholetewa ni asilimia: asilimia waliofungua, asilimia waliomaliza, asilimia waliolala katikati. Hakuna siku aliyoambiwa kwamba mtu fulani, kwa ajili ya somo lake, aliinuka akafanya jambo. Leo, kwa mara ya kwanza, ameandika neno likarudisha ngazi. Akajikuta anaiwazia ile feni ikirudi kwao mchana, imeshikwa kwa mikono miwili, na kifua kikamjaa.

Kisha, kwenye upenyo kati ya makopo mawili ya rangi, akamwona Babu Funguo. Mzee alikuwa ametoa leso, anazifuta funguo moja moja, anazipanga mezani kwa ukubwa, kama mtu anayemwandalia mwingine zisimsumbue.

"Mkuu," Mwalimu Bonyeza akasema, "mwenye feni amerudisha feni. Asiye na kitu cha kurudisha amerudisha funguo."

Nje lori moja likapiga honi, la pili likaitikia, na punde yote kumi na moja yakawa yanalia kwa pamoja. Mkuu akatazama saa yake, akatazama upenyo ule, akashusha pumzi ndefu ya mtu anayeiaga ngazi ya pili. Akaenda kwenye kompyuta yake, akabonyeza "Sitisha".

Ewaa! Sasa njia ni nyeupe. Mwalimu Bonyeza akaketi, akafungua mashine yake, akakunja mikono ya blauzi mpaka kwenye viwiko. Akausogeza mshale polepole hadi kwenye ukurasa wa mwisho, akaupenyeza katikati ya maua, akausimamisha nyuma ya B ile nene ya dhahabu iliyoketi bila haya katikati ya neno la watu. Akabonyeza mara moja. B ikaanguka! Haikuacha hata kivuli. Pakabaki UMEI, kisha uwazi, kisha A, na vijana sita wakasogea kutazama jeraha.

Akakipeleka kidole kuileta V. Kidole kikazama kwenye pengo.

"Kitufe kiko wapi?" akauliza Mkuu.

"Kimeoshwa."

"Kimeoshwa?"

"Ni habari ndefu, Mkuu. Nakujua ninapoipata." Akarudi somo la tatu, mahali palipoandikwa neno uvumilivu, maana uvumilivu una V mbili na hauna uchoyo. Akainakili moja, akaivusha masomo sita na maswali arobaini akiwa ameishika pumzi pamoja nayo, akaishusha kwenye uwazi ule. Ilikuwa ndogo katikati ya wenzake wakubwa. Akaikuza. Akaipaka dhahabu. Akabonyeza "Hifadhi", Mkuu akabonyeza "Endesha", na kozi ikarudi hewani.

"Tayari, mzee," akasema, akaigeuza kompyuta. "Tazama mwenyewe."

Babu Funguo hakutazama. "Hiyo ni kompyuta yako. Iliyonitukana ni hii."

"Lakini, mzee," Mkuu akamsihi, "ukurasa wa pongezi humtokea aliyemaliza kozi sasa hivi. Ingebidi ujibu maswali upya. Yote arobaini!"

"Ilinitukana nikiwa nimemaliza," akasema Babu Funguo, akivaa miwani. "Initake radhi nikiwa nimemaliza."

Akaanza. Swali la kwanza, la pili, la tatu. Alisoma kila swali kwa sauti, akalifikiria, akajibu, na kidole chake kilishuka juu ya kitufe kama muhuri wa hakimu. Madereva waliacha honi, wakaja kujaa dirishani. Kwenye swali la kumi na moja kijana mmoja alitaka kumsaidia, akatazamwa mara moja tu. Kwenye swali la ishirini na tano dereva mnene aliyesimama mbele alisema, "Hilo hata mimi nalijua," na wenzake wakamnyamazisha.

Ilikuwa swali la thelathini na saba Mwalimu Bonyeza alipokumbuka jambo lililomfanya aushike ukingo wa meza. Kompyuta zina tabia ya kuficha kurasa za zamani. Ukurasa ziliouonyesha asubuhi huweza kuutoa tena mchana, kwa uvivu tu, hata kama umeshabadilishwa. B alikuwa ameing'oa kwenye seva. Lakini je, kama mashine hii ya ghala imejiwekea ya kwake mfukoni?

"Mzee," akasema kwa sauti ndogo, "niruhusu nibonyeze kitu kimoja tu hapo."

"Usiguse. Usije ukasemwa umenijibia."

"Si jibu, mzee, ni ukurasa..."

"Binti. Nina maswali matatu."

La thelathini na nane. La thelathini na tisa. La arobaini alilitafakari muda mrefu hata Mkuu wa Maghala akaegemea ukuta. Akalijibu. Akabonyeza "Maliza". Kiduara kikaanza kuzunguka kwenye kioo. Kikazunguka. Kikasimama kidogo kama kilichosahau kilichotumwa, kikazunguka tena, na Mwalimu Bonyeza akafumba macho.

Tarumbeta zikalia. Kisha akaisikia sauti ya mzee, inasoma silabi baada ya silabi, kama mtu anayevuka daraja la mbao:

"Ho-nge-ra. Sa-sa. U-me-i-va."

Kwa nini mashine haikutoa ukurasa wa zamani, mimi msimulizi sijui, na Mwalimu Bonyeza mwenyewe, ukimbana, atakuambia kompyuta nazo zina siku zao. Ninachojua ni kwamba dirisha zima lililipuka kwa makofi, dereva mnene akamkumbatia mlinzi, na Mkuu wa Maghala akasikika akisema peke yake, "Basi na feni nayo haiji."

Babu Funguo akavua miwani. Akazikusanya funguo zake hamsini na tatu, akazifunga kiunoni, na alipoinuka ghala likausikia tena mlio wake. Vijana wakakimbilia milango bila kuambiwa.

"Na safari hii sikukosa hata moja," akamwambia Mwalimu Bonyeza. "Lakini swali lako la kumi na tisa limekaa vibaya. Majibu mawili yote ni sahihi."

"Nitalitazama, mzee."

"Litazame. Na usiondoke kwanza."

Akafungua kabati, akatoa daftari nene la matukio ya ghala, ambamo kwa miaka ishirini na sita aliandika kila jambo lililostahili kukumbukwa: siku bomba lilipopasuka, siku paka alipozalia juu ya magunia ya unga, siku upepo ulipoinua bati mbili. Akalaza rula, akapiga mstari, akaandika kwa wino wa buluu, bila haraka, kwa sauti ili kila mtu ashuhudie: "Jumatatu. Saa sita na dakika nane mchana. B imetolewa. V imewekwa. Mtendaji ni Mwalimu, amefika mwenyewe kwa miguu. Ghala ni shwari."

Akamgeuzia daftari, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Mwalimu Bonyeza akatia, na mkono wake, uliozoea vitufe, ukaandika jina kwa herufi zilizopinda kama za mtoto wa darasa la kwanza. Mzee akaikagua sahihi ile kwa makini, herufi kwa herufi, akaitikia kwa kichwa kwamba imekubalika. Kisha akachukua muhuri wa ghala, akaupulizia pumzi, akaugonga chini ya jina lake kwa kishindo kilichosikika mpaka kwenye malori: IMEPOKELEWA IKIWA SALAMA.